Kuvu Imekufa, Sumu Ipo: Kupunguza Madhara ya Sumukuvu Katika Chakula cha Kuku

Gunia la mahindi likifunguliwa na kutoa harufu ya uvundo, wafugaji wengi hufanya jambo lile lile. Huyamwaga juani, huyageuzageuza siku mbili tatu, huyapepeta, na ule ukungu wa kijani ukishapotea huyapeleka mashineni. Mahindi yamekauka, harufu imepungua, vumbi limepeperuka. Wiki kadhaa baadaye vifaranga wamedumaa, wengine wamekufa, na lawama zinamwangukia aliyeuza vifaranga, au aliyechanja, au baridi ya usiku.

Kosa lilifanyika pale juani. Jua lilipambana na kuvu, sumu halikuigusa.

Kuvu ni kiumbe hai: huota, hula, huzaana, hufa. Sumu inayotolewa na kuvu hiyo haina uhai. Ni kemikali iliyobaki ndani ya punje, kama pombe inavyobaki baada ya kazi ya chachu. Chachu ikifa, pombe haigeuki maji. Aflatoksini B1, sumukuvu iliyo kali kuliko zote katika ukoo wake, huanza kuvunjika sawasawa joto likipita nyuzi 230 za Selsiasi. Maji yanayochemka hayafiki hata nusu ya hapo, wala mashine ya peleti, inayobana chakula kuwa vipande vidogo vigumu na ambayo hufanya kazi kwenye nyuzi 80 hivi. Mashine hiyo itaua kuvu vizuri sana, na chakula kitatoka humo kikiwa hakina kuvu lakini kina sumu yake yote.

Mambo huenda pia kinyume. Punje inaweza kuwa safi kwa macho, haina doa, kumbe kuvu iliingia shambani, ikatoa sumu na kufa kabla ya mavuno. Na ukungu unaouona unaweza kuwa wa aina isiyotoa sumu ya maana, ingawa hata huo umekwisha kula mafuta na wanga ambao kuku alistahili kuupata. Macho na pua ni mashahidi dhaifu katika kesi hii.

Kila dawa, mashine au unga anaouziwa mfugaji kwa jina la kukinga sumukuvu unapigana ama na kuvu ama na sumu. Ni vichache mno vinavyopigana na zote mbili. Asiyejua kipi kinafanya kazi ipi hununua kizuia kuvu kwa ajili ya mahindi yaliyokwisha kujaa sumu, kisha hushangaa kwamba hakijasaidia.

Kifo cha bata mzinga

Mwaka 1960, nchini Uingereza, bata mzinga wachanga zaidi ya 100,000 walikufa katika kipindi cha miezi michache. Waliokuwa wakichunguza walitafuta kijidudu cha kuambukiza, wakakikosa, na ugonjwa ukaitwa tu "ugonjwa X wa bata mzinga". Uzi ulipofuatwa ukaishia kwenye mashudu ya karanga yaliyotoka Brazili na kuchanganywa katika chakula chao. Humo ilipatikana kuvu iitwayo Aspergillus flavus, na jina la sumu likafinyangwa kutokana na jina lake: *a* ya Aspergillus, *fla* ya flavus, kisha toksini. Herufi B na G zinazofuata zilitokana na rangi ambayo sumu hizo hutoa zikimulikwa kwa taa ya miale ya urujuani: buluu kwa B, kijani kwa G.

Si bahati mbaya kwamba ndege ndio waliotutangulia kulijua jambo hili. Sumu hii inapoingia mwilini, ini hujaribu kuisafisha, na katika kuisafisha huigeuza kwanza kuwa umbo kali zaidi, linalong'ang'ania vinasaba na protini za chembe. Mnyama mwenye vimeng'enya vya kutosha vya kulifunga umbo hilo upesi huponea. Bata mzinga wa kufugwa karibu hana uwezo huo katika ini lake. Vifaranga wa bata wa kawaida wako hatarini zaidi: dozi ya miligramu 0.3 hivi kwa kila kilo ya uzito huua nusu yao. Kuku huhitaji mara 20 ya hiyo au zaidi ili afe kwa kasi hiyo. Ndiyo maana chakula kile kile kinaweza kuacha kuku wakitembea na bata wakizikwa, na anayefuga wote wawili huona mambo hayo kama uchawi.

Aflatoksini haiko peke yake. Okratoksini hutolewa na baadhi ya Aspergillus na Penicillium, nayo hushambulia figo. Kuvu za jamii ya Fusarium, ambazo nyingi huanzia shambani, hutoa fumonisini, deoksinivalenoli, zearalenoni na T-2. Kuku huistahimili zearalenoni vizuri kuliko nguruwe, tena kwa mbali. T-2 haivumilii. Mara nyingi mzigo mmoja wa mahindi huwa na sumu mbili au tatu kwa pamoja, na mchanganyiko unaweza kuumiza kuliko jumla ya madhara ya kila moja. Aflatoksini ikikutana na okratoksini kwa kuku wa nyama ni mfano ulio wazi: ini na figo hupigwa kwa wakati mmoja.

Dalili zinazosingizia magonjwa mengine

Kundi likila sumu nyingi kwa mara moja, hakuna asiyeona. Kuku hufa, ini hukutwa limevimba, limepauka kuwa manjano, mara nyingine likiwa na madoa ya damu. Hali hiyo si ya kawaida sana. La kawaida ni sumu kidogo kila siku kwa wiki nyingi, na hapo kuku hafi kwa sumu. Hufa kwa kitu kingine.

Aflatoksini hudumaza viungo vinavyojenga kinga ya ndege, hasa tezi ya thaimasi na kile kifuko kilicho karibu na tundu la haja. Chanjo hutolewa vizuri, mwili wa kuku hushindwa kuitumia, na ugonjwa uliochanjwa hupita. Mfugaji husema chanjo ilikuwa feki. Fumonisini na deoksinivalenoli hulegeza ukuta wa utumbo, bakteria na vimelea vya koksidia hupata mlango, na mfugaji hutibu kuhara damu mara ya pili na ya tatu bila kupata nafuu ya kudumu. Okratoksini humfanya kuku anywe maji mengi na kunya majimaji, maranda hulowa, na lawama huenda kwa chumvi au kwa vyombo vya maji.

Ziko alama zinazosaidia kidogo. Vidonda vyeupe-manjano pembeni mwa mdomo na juu ya ulimi, pamoja na kuku kukataa chakula, huelekeza kwenye T-2 na ndugu zake. Miguu na vilemba kupauka ilhali chakula kina mahindi ya njano ya kutosha, au michubuko mingi ya damu chini ya ngozi wakati wa kuchinja, huelekeza kwenye aflatoksini, kwa sababu ini lililoumia halitengenezi vizuri vitu vya kugandisha damu. Kwa kuku wa mayai, utagaji hushuka, mayai huwa madogo. Hata hivyo hakuna dalili hata moja kati ya hizi inayotosha kuhukumu. Ukizikuta, mwite daktari wa mifugo afungue mzoga, na papo hapo weka kando mfuko wa chakula kilichokuwa kikiliwa wiki mbili tatu kabla. Chakula cha leo mara nyingi sicho kilichofanya kosa, na kile chenye kosa kimekwisha kuliwa.

Shambani na ghalani: hapa vita ni vya kuvu

Kuvu isipoota, sumu haizaliwi. Hapo ndipo kila juhudi hulipa zaidi, na ndipo wafugaji wengi hawana mkono, kwa kuwa mahindi huwafikia yakiwa kwenye magunia. Inafaa hata hivyo kujua yalikotoka.

Aspergillus flavus hupenda joto na mmea uliochoka. Ukame ukipiga wakati punje zinajaa, na wadudu wakitoboa hindi, kuvu huingia kabla hata ya mavuno. Mwaka wa ukame kwa hiyo ni mwaka wa kununua mahindi kwa tahadhari maradufu, hata yakiwa makavu kiasi gani. Fusarium kwa upande wake hufurahia unyevu wakati wa kuchanua na kukomaa. Mojawapo ya mbinu zilizofanikiwa shambani ni kumwaga aina za Aspergillus flavus zisizo na uwezo wa kutengeneza sumu, zikiwa zimepakwa kwenye nafaka iliyouawa, wiki chache kabla ya mazao kuchanua. Zinatangulia kukalia nafasi, na ndugu zao wenye sumu hukosa pa kukaa. Hapo kuvu inapigwa kwa kuvu, na ni kati ya mbinu ninazozipenda kwa sababu kinga yake humfuata mkulima hadi ghalani.

Baada ya mavuno swali ni maji. Husemwa mahindi yakaushwe hadi unyevu wa asilimia 13 au pungufu, karanga hadi asilimia 7 au 8. Kwa nini tofauti kubwa hivyo? Kwa sababu kuvu haijali jumla ya maji, inajali maji yaliyo huru kwake. Karanga karibu nusu yake ni mafuta, na mafuta hayashiki maji, hivyo asilimia 10 ya maji katika karanga imejibana kwenye sehemu ndogo isiyo mafuta na kuifanya iwe mbichi kwa kuvu. Katika vipimo vyote viwili, hewa iliyo kati ya punje huwa chini ya asilimia 70 ya unyevu, na chini ya hapo kuvu karibu zote husimama. Mashudu nayo yana hesabu yake kutegemea mafuta yaliyobaki humo. Kanuni moja kwa viungo vyote vya chakula haipo.

Asiye na kipima unyevu anaweza kutumia chumvi. Chukua chupa safi ya glasi iliyokauka kabisa, tia mahindi hadi robo ya chupa, ongeza vijiko viwili vya chumvi iliyokaushwa vizuri, funga, tikisa kwa dakika moja au mbili, kisha acha itulie. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi yamezidi asilimia 15 na hayafai kuhifadhiwa. Isiponata, yako chini ya hapo. Kipimo hiki hakitofautishi asilimia 13 na 14.5, na tofauti hiyo ina uzito, lakini kumtambua muuzaji aliyekuletea mahindi mabichi kinatosha.

Nafaka iliyoingia kavu inaweza kulowa ikiwa ndani. Mchana bati huchoma, usiku hupoa, na hewa ya joto iliyobeba mvuke kutoka katikati ya lundo hupanda na kugeuka matone juu na kwenye kuta. Ndiyo maana ukungu huanza tabaka la juu, au ubavu uliogusa ukuta, au chini palipogusa sakafu. Chaga chini ya magunia, nafasi ya mkono kati ya magunia na ukuta, na tundu la hewa karibu na paa huondoa sehemu kubwa ya tatizo hilo. Fukuzi na dumuzi huongeza lao: hula, hupumua, hutoa joto na unyevu, na kila tundu wanalotoboa ni mlango wa kuvu. Mifuko isiyopitisha hewa huwaua kwa kuwanyima oksijeni, nayo ni mizuri kwa mahindi makavu. Ukifunga humo mahindi mabichi umeyavundika tu.

Kisha kuna asidi, hasa propioniki na chumvi zake, ambazo huchanganywa katika nafaka au chakula kilichosagwa ili kuvu isiote. Zinafanya kazi hiyo vizuri. Lakini ni askari wa kuzuia kuvu, na sumu iliyokwisha kuwamo haziigusi hata kidogo. Mbaya zaidi, harufu ya asidi huweza kufunika harufu ya uvundo, na mnunuzi akapitisha mzigo ambao pua yake ingeukataa.

Kuku hurithi kilichotupwa

Sumu haikai sawasawa katika lundo. Hukusanyika katika punje chache: zilizovunjika, zilizotobolewa, zilizonyauka, zilizobadilika rangi, na katika vumbi na chenga. Kwa hiyo kuchambua, kupepeta na kuchekecha, kazi zinazodharauliwa kwa kuwa hazina chupa wala lebo, ni miongoni mwa njia chache zinazoondoa sumu yenyewe. Punje zilizoathirika mara nyingi ni nyepesi. Hupeperuka kwenye ungo, au huelea majini, ingawa kuzielesha kunamlazimu mtu akaushe upya, na asipokausha upesi amefuga kuvu mpya.

Sasa fikiria chenga, vumbi na punje mbaya huenda wapi. Huuzwa kama chakula cha mifugo. Mahindi yanapokobolewa ili watu wapate unga mweupe, sehemu kubwa ya sumu hubaki kwenye pumba na kiini, na pumba ni ya kuku. Karanga zinapochambuliwa, mbovu huenda kukamuliwa mafuta. Sumu haifuati mafuta kwa wingi, hubaki kwenye mashudu. Nafaka inapochachushwa kutengeneza pombe ya viwandani, wanga huondoka na mabaki makavu hubaki na sumu iliyokolea karibu mara tatu ya ile ya nafaka ya mwanzo. Kila hatua inayosafisha chakula cha mwanadamu humsukumia kuku uchafu ule. Hili linapaswa kubadili namna ya kupanga bei vichwani mwetu: pumba ya bei nafuu kutoka kwenye mahindi ambayo hujui yalikotoka ndiyo kiungo cha kutiliwa shaka kuliko vyote, na ndiyo ambayo wengi hawaipimi kamwe kwa sababu "ni pumba tu".

Kupima, na udanganyifu wa kiganja kimoja

Vipimo vya aflatoksini hutajwa kwa sehemu katika bilioni. Sehemu 20 katika bilioni ni miligramu 20 ndani ya tani nzima. Umoja wa Ulaya huweka kikomo cha B1 katika chakula kamili cha kuku kuwa 20, na 5 kwa vifaranga. Marekani inaruhusu mahindi ya kuku waliokomaa yafike 100 ya aflatoksini kwa jumla, ya wanyama wachanga 20. Angalia kwamba pande zote mbili, ingawa zinatofautiana, zinamlinda mchanga zaidi. Hata mfugaji mwenye mahindi ya aina mbili anaweza kufuata hekima hiyo: yale bora yaende kwa vifaranga wa wiki za mwanzo na kwa kuku wazazi.

Tatizo la kupima haliko sana kwenye mashine. Liko kwenye mkono unaochota. Punje moja ya mahindi iliyoathirika vibaya inaweza kufikia sehemu 400,000 katika bilioni. Punje hiyo ina uzito wa gramu 0.3 hivi, kwa hiyo imebeba mikrogramu 120 za sumu. Itupe ndani ya kilo 5 za mahindi safi kabisa: kila kilo sasa ina wastani wa mikrogramu 24, yaani zaidi ya 20 katika bilioni. Punje moja, kati ya zaidi ya 16,000, imeuvusha mpaka mfuko mzima. Ukichota kiganja kimoja na punje ile haikuwamo, jibu litakuwa sifuri na litakuwa jibu sahihi kabisa la kiganja hicho. Ukiichota, utatupa mzigo mzima kwa hofu.

Njia ya kutoka ni kuchota kidogo kidogo kutoka sehemu nyingi, juu, katikati, chini, pembeni, gunia hadi gunia, au vizuri zaidi wakati nafaka inamwagika kutoka kwenye lori. Kusanya kilo 5 au zaidi, saga *zote*, changanya sana, ndipo upime sehemu ndogo ya unga huo. Kusaga kwanza ndiko kunakotawanya ile punje moja. Watu huruka hatua hii kwa sababu ni kazi, kisha hulaumu karatasi za kupimia. Karatasi hizo, zile za kuchovya na kusoma mstari, ni nzuri kwa kuchuja mizigo kwa haraka. Maabara zenye mashine za kutenganisha kemikali hutoa idadi kamili na huweza kupima sumu nyingi kwa mara moja.

Taa ya miale ya urujuani inayomulika mahindi na kutoa mng'ao wa manjano-kijani huuzwa kama kipima sumu. Mng'ao huo hutokana na asidi nyingine ambayo kuvu hutengeneza, si aflatoksini. Unakuambia kuvu ilipita hapa. Tumerudi pale pale: kuvu si sumu.

Udongo unaonasa sumu

Tuseme sumu imo, haijazidi kikomo cha kutupwa, na hakuna mahindi mengine. Hapa ndipo vinasa-sumu huingia. Kinachojulikana zaidi ni bentonaiti, aina ya udongo wa mfinyanzi wenye matabaka membamba kama kurasa za kitabu. Molekuli ya aflatoksini ni bapa, na huteleza kati ya kurasa hizo na kushikamana humo kwa nguvu. Ikifanyika hivyo ndani ya utumbo, sumu hupita na kinyesi badala ya kuingia kwenye damu. Chakula hakijasafishwa, ukikipima bado kinaweza kuonyesha sumu yake. Ni safari ya sumu tu iliyobadilishwa.

Ubora huo wa bentonaiti ndio pia kikomo chake. Deoksinivalenoli na T-2 si bapa namna ile, hazina mvuto huo kwa udongo, nazo hupita bila kuguswa. Fumonisini nayo hainaswi vya kutosha. Unga wa kuta za chembe za hamira huongeza msaada kwa baadhi ya sumu, hasa zearalenoni, lakini matokeo yake hubadilika sana kati ya bidhaa na bidhaa. Makaa yaliyoamilishwa hunasa karibu kila kitu kwenye glasi ya maabara, zikiwamo vitamini, ndiyo maana ni dawa ya dharura na si kiungo cha kila siku. Kwa sumu za Fusarium kuna njia nyingine kabisa: kuzikata. Kipo kimeng'enya kinachovunja fumonisini, na ipo bakteria inayoondoa sehemu ya deoksinivalenoli iliyo kali, vyote vikiwekwa kwenye chakula vifanye kazi utumboni. Kwa hiyo bidhaa inayodai kunasa "sumukuvu zote" kwa udongo peke yake inadai kisichowezekana kikemia. Muulize muuzaji: ni sumu zipi kwa majina, kwa kiwango gani, na je, ilijaribiwa kwa kuku walio hai au kwenye glasi tu?

Umoja wa Ulaya uliidhinisha bentonaiti kwa kazi hii mwaka 2013, kwa masharti yanayofundisha mengi. Lazima inase zaidi ya asilimia 90 ya B1 katika kipimo kilichowekwa. Isizidi kilo 20 kwa tani ya chakula. Isitumiwe pamoja na antibiotiki za jamii ya makrolaidi, kwa kuwa huzinasa nazo. Na chakula kikiwa na dawa za kukinga koksidia, bentonaiti isipite kilo 5 kwa tani, huku dawa iitwayo robenidini ikiepukwa nayo kabisa. Mfugaji anayemwaga udongo kwa koleo akidhani "ukizidi hauna neno" anaweza kujikuta amezima dawa yake ya koksidia.

Na tafadhali usichimbe udongo wako mwenyewe. Mwaka 1997 nchini Marekani dioksini, kemikali yenye sumu, ilipatikana katika kuku, na chanzo kikawa udongo wa mfinyanzi wa asili uliokuwa umechanganywa katika chakula chao ili kisigande. Udongo ule haukuwa umechafuliwa na kiwanda. Ulitoka ardhini hivyo.

Pamoja na kinasa-sumu, ini linaweza kusaidiwa. Methionini (kijenzi kimoja cha protini) ya ziada humpa kuku malighafi ya kutengeneza kile kitu kinachofunga umbo kali la aflatoksini; protini isipunguzwe wakati huo, na vitamini E, K na seleniamu zisikosekane. Ni msaada kwa mwili uliovamiwa, haushughuliki na kuvu wala sumu iliyo kwenye chakula.

Bandani, na kile kisichofaa

Chakula kilichosagwa ni dhaifu kuliko nafaka nzima, kwa sababu ganda lililokuwa likilinda punje limevunjwa. Katika joto na unyevu, changanya cha wiki mbili na si cha miezi miwili. Gonga silo (pipa kubwa la kuhifadhia chakula) na mabomba ya chakula mara kwa mara: mabonge yaliyoganda kwenye kona hubaki humo miezi, yakiutia kuvu kila mzigo mpya unaopita. Sehemu iliyo chini ya chombo cha maji kinachovuja, ambapo pumba hulowa na kuku huidonoa, inaweza kuharibu kazi yote niliyoieleza hapo juu.

Mzigo uliozidi kiwango usiuchanganye na mzuri ili "kupunguza makali". Ulaya inakataza, kwa sababu nzuri: njia hiyo hueneza sumu kwa wengi badala ya kuiondoa. Usiwape bata. Usimpe ng'ombe wa maziwa pia, ambaye huigeuza sehemu ya B1, kati ya asilimia 1 na 6 hivi, kuwa aflatoksini M1 na kuitoa kwenye maziwa. Kuku wa mayai huvusha kiasi kidogo zaidi kuingia kwenye yai, na kingine hukaa kwenye ini. Akibadilishiwa chakula, masalia hayo hupungua ndani ya siku chache hadi wiki hivi. Mayai ya siku hizo, na maini ya kuku waliochinjwa wakiwa bado wanakula chakula hicho, yasiliwe. Chakula chenyewe kifukiwe au kichomwe mbali na banda, na anayekibeba afunike pua na mdomo, kwani vumbi lake lina vijimbegu vya kuvu na sumu yenyewe pia.